Macho Hayana Pazia: Historia ya Haki ya Kuusimulia Mpira Redioni

Waswahili husema macho hayana pazia. Apitaye njiani halaumiwi kwa kukiona kilichowekwa wazi, na aliyepanda mnazi wake haambiwi afumbe macho kwa kuwa jirani yuko uani. Lakini methali hiyo yasema juu ya macho tu, na ulimi haikuutaja. Je, aliyeona ana ruhusa ya kusimulia? Na akiwasimulia watu elfu moja kwa mpigo, nao wakaacha kuja kulipa kiingilio mlangoni, je, huyo amesimulia au ameiba?

Swali hili ni la barazani kwa sura yake, ila limekwisha fikishwa mahakamani katika miji mitatu mikubwa ya dunia. Na ndilo linaloamua hivi leo ni sauti ya nani itakayotufikia jioni ya mechi, sisi tulio mbali na uwanja.

Tuanze pale utangazaji wa kandanda ulipoanzia Uingereza. Tarehe 22 Januari 1927, shirika la BBC lilirusha kwa mara ya kwanza mechi nzima ya ligi, Arsenal na Sheffield United, kutoka uwanja wa Highbury, London. Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Msimulizi alikuwa Teddy Wakelam, aliyewahi kucheza raga, na ambaye juma moja kabla alikuwa ametangaza mechi ya raga ya Uingereza na Wales. Gazeti la ratiba za redio lilikuwa limechapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba minane yenye nambari. Wakelam akisimulia, mwenziwe alikuwa akitaja nambari ya mraba ulipo mpira, na msikilizaji nyumbani akiufuata kwa kidole.

Katika ile mechi ya raga, waandalizi walikuwa wamemweka karibu na Wakelam mtu asiyeona, wakamtaka msimulizi azungumze naye huyo, amweleze kila linalopita. Sidhani kama fani hii imepata kufasiriwa vizuri zaidi ya hivyo tangu hapo. Utangazaji wa mpira ni mazungumzo ya aonaye na asiyeona. Picha yote i katika neno, na neno likikosewa, picha huvunjika. Msomaji mpenda mashairi atalitambua jambo hili upesi, kwani malenga naye hufanya kazi hiyo hiyo: humwonyesha mtu asichokuwa nacho mbele ya macho yake, tena kwa pumzi moja na bila ya nafasi ya kufuta.

Furaha hiyo haikudumu. Wakuu wa ligi ya Uingereza waliingiwa na hofu kuwa mtu akiweza kuusikia mpira akiwa kando ya moto wake, hatatoka nje kwenye baridi kwenda kulipa kiingilio. Mwaka 1931 ligi ikapiga marufuku utangazaji wa mechi zake. Hata baada ya Vita Kuu ya Pili, ruhusa iliporudi, ilirudi kwa masharti: kwa miaka mingi zilitangazwa dakika za kipindi cha pili tu, na jina la mechi itakayotangazwa lilifichwa mpaka saa ya mchezo ifike, ili asiwepo mtu wa kubaki nyumbani kwa makusudi. Italia nako, kipindi mashuhuri cha redio kilichoanza Januari 1960, kilichokuwa kikiruka kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, kilianza kwa kipindi cha pili cha mechi peke yake. Redio ikawa kama mgeni anayekaribishwa baada ya watu kwisha kula.

Wenye viwanja walikuwa na mlango, wakaweza kuufunga. Je, asiyepita mlangoni? Hapo ndipo tunapofika Sydney, Australia. Katika miaka ya 1930 kulikuwa na uwanja wa mbio za farasi uitwao Victoria Park. Jirani yake, bwana George Taylor, alijenga jukwaa refu katika ardhi yake mwenyewe. Juu ya jukwaa hilo akasimama mtangazaji Cyril Angles, akatazama juu ya ua, akawasomea wasikilizaji wa redio mbao za matangazo ya uwanjani na kuwasimulia farasi walivyokuwa wakikimbia. Wenye uwanja wakashitaki. Walisema watu wamepungua mlangoni na kwamba tamasha hilo ni mali yao.

Mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Australia iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kuwa hakuna umiliki wa tamasha. Mtu ana haki ya kutazama kutoka katika ardhi yake, na ana haki ya kusema alichokiona. Kama mwenye uwanja hataki kuonekana, na auinue ua wake. Ilikuwa kama majaji wale wameisikia methali yetu, kisha wakaongeza kwamba ulimi nao hauna pazia.

Mwaka uliofuata, 1938, shauri lililofanana nalo lilisikilizwa Pittsburgh, Marekani. Timu ya besiboli ya mji huo ilikuwa imeuza haki ya kutangaza mechi zake. Redio moja isiyonunua haki hiyo, KQV, iliwaweka watu wake mahali nje ya uwanja wa Forbes Field walipoweza kuona ndani, wakapeleka habari za mchezo zikatangazwa. Huko hukumu ilikuwa kinyume. Jaji alisema timu ndiyo iliyouandaa mchezo, ndiyo yenye uwanja na yenye kuwalipa wachezaji. Basi habari za mchezo huo, kwa muda unaofaa, ni zake kuuza.

Hukumu hizo mbili zimepishana mwaka mmoja tu, na biashara yote ya haki za matangazo imesimama kati yao. Ya Sydney inamtazama anayeona na ardhi anayosimama juu yake. Ya Pittsburgh inamtazama aliyegharimia kinachoonekana. Zote mbili zina haki ndani yake, na ndiyo sababu swali halijafa.

Yafaa tujue pia kuwa sheria ya hakimiliki, ile imlindayo mshairi na mtunzi wa nyimbo, haikupata kuukumbatia mpira wenyewe. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulilinda matangazo, yaani kazi ya shirika la utangazaji, lisiibiwe mawimbi yake na kurushwa tena na mwingine. Lakini mechi ni kitu kingine. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema waziwazi kwamba mechi ya kandanda si kazi ya utunzi, kwa kuwa inaongozwa na kanuni za mchezo zisizoacha nafasi ya uhuru wa ubunifu. Mashabiki wa chenga watabisha, na wana haki ya kubisha. Ila matokeo yake kisheria ni kwamba kinachouzwa na shirikisho la soka ni ufunguo wa mlango: ruhusa ya kuingia uwanjani na chombo cha kurushia sauti. Maneno ya msimulizi yeye mwenyewe ndiye aliyeyatunga.

Hili lilidhihirika mwaka 2000, katika mashindano ya Mataifa ya Ulaya yaliyochezwa Uholanzi na Ubelgiji. Haki ya redio kwa Uingereza ilikuwa ya BBC. Redio ya kibiashara ya TalkSport, isiyokuwa na ruhusa ya kuingia viwanjani, iliwaweka watangazaji wake katika hoteli mjini Amsterdam, wakawa wanausimulia mpira kwa kuutazama katika televisheni, huku nyuma yao ikiwekwa sauti ya umati. BBC ikaenda mahakamani London. TalkSport ilikubali kutoyaita matangazo yake kuwa ya moja kwa moja kutoka uwanjani, lakini jaji hakutoa amri ya kuyazuia. Ukuta wa uwanja ulikuwa mrefu kuliko ule wa Sydney, na jukwaa la Taylor likawa ni kioo cha televisheni.

Sasa na turudi pwani. Sauti ya Unguja ilianza kusikika mwaka 1951, na mwaka huo huo Dar es Salaam nayo ikapata kituo chake, ambacho baadaye kilikuja kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miongo minne swali la haki za matangazo halikuulizwa kwetu, maana hapakuwa na wa kuuliza. Redio ilikuwa ya serikali, viwanja vilikuwa vya umma, na sauti ilikuwa moja. Unguja ilipata televisheni yake mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila ya televisheni hadi mwaka 1994. Mwaka 1979, Peter Tino alipofunga kule Ndola bao la kusawazisha dhidi ya Zambia, bao lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos, wengi wa mashabiki hawakuwa na macho ya kulionea. Walikuwa na masikio. Wako waliokuja kuzaliwa baadaye wanaolisimulia bao hilo kama waliokuwapo, kwa kuwa walilirithi likiwa tayari ni maneno.

Katika miaka hiyo utangazaji wa mpira ulikuwa chuo cha lugha. Humo ndimo mlimopewa maisha maneno kama mlinda mlango, kiungo, mshambuliaji, majalo na chenga, hadi yakawa ya kila siku mitaani. Kenya ilikuwa na Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2025. Kwetu alikuwapo Charles Hilary, ambaye sauti yake ilipita Radio Tanzania, Radio One na idhaa za Kiswahili za ng'ambo, naye akafariki mwaka huo huo wa 2025 akiwa Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Watu hawa hawakuwa na diwani zilizochapishwa. Lakini anayejua ugumu wa kutunga papo kwa papo, mbele ya umati, bila ya kukosa pumzi wala mizani ya sentensi, hatawanyima nafasi katika safu ya mafundi wa Kiswahili.

Mambo yalibadilika baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo vya watu binafsi Tanzania. Sauti zikawa nyingi, na palipo na wengi lazima pawepo mlango. Kampuni ya Azam ilianza kununua haki za televisheni za Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwaka 2013. Mwaka 2021 ilitia saini mkataba mpya wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Katika mwaka huo huo haki za redio za ligi hiyo nazo zilikabidhiwa kwa mkataba, zikaenda kwa TBC. Jambo lililokuwa desturi likawa bidhaa.

Haifai kulilaumu hilo kwa pupa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vilabu vyetu vilikuwa vimepoteza mali kwa muda mrefu. Mchezaji anayepata mshahara wake kwa wakati hatamani kurudi enzi za sauti moja na mifuko mitupu. Hukumu ya Pittsburgh ina ukweli wake: aliyelipia majani ya uwanja na nauli ya timu asiachwe atazame wengine wakivuna.

Lakini redio si televisheni ndogo. Anayeisikiliza ni mvuvi aliye nje ya mwamba, mama aliye sokoni, dereva aliye barabarani, mgonjwa aliye kitandani, na asiyeona, yule yule aliyewekwa karibu na Wakelam mwaka 1927. Hawa hawangekuja mlangoni hata redio ingenyamaza. Hofu ya mwaka 1931, kwamba sauti inakula kiingilio, haiwahusu. Basi kuipimia redio ya kijiji cha Pemba bei inayopimiwa kituo cha mji mkuu ni kumtoza mtu ada ya kiti asichokikalia.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mechi zisizonunuliwa na mtu. Mkataba mkubwa huzifuata timu kubwa. Mechi ya daraja la chini, Gombani au katika kiwanja cha shamba chenye mnazi kwa mwamba wa goli, haina mnunuzi, kwa hiyo aghalabu haina msimulizi. Ni katika viwanja kama hivyo anapopatikana mtangazaji kijana, akosee, arekebishwe na wazee, ajifunze kuupima mpira kwa neno. Chuo hicho kikifungwa, baada ya miaka 20 tutakuwa na haki zilizoandikwa vizuri, na hatuna wa kuzitumia.

Kwa hiyo ingefaa wenye mamlaka ya soka visiwani waandike katika kanuni zao mambo matatu. Kwanza, redio za jamii ziruhusiwe kutangaza ligi za nyumbani bila ya malipo, au kwa malipo ya jina tu. Pili, kila mkataba wa haki umlazimishe mnunuzi kuzihifadhi kanda za sauti, na kuzikabidhi nakala mahali pa umma. Tatu, jina la msimulizi liandikwe, na maneno yake yahesabiwe kuwa ni utunzi wake, kwani ndani ya dakika 90 hakuna kingine ambacho sheria inakubali kukiita utunzi.

Mwenye uwanja ana haki ya kujenga ua, na aujenge. Ila ua huzuia macho. Ulimi wa kumsimulia asiyeona ulikuwapo kabla ya uwanja, na mwenye kuuza tiketi hakuukuta mlangoni mwake.