Mtoto Aliyejibu kwa Niaba ya Wote

Msomaji kijana, ukiingia katika kanisa la Kikatoliki siku ya Jumapili, utawaona vijana waliovaa kanzu ndefu: mmoja ameshika chetezo cha ubani, mwingine mshumaa, mwingine vichupa vya divai na maji. Hawalipwi hata senti moja. Pengine utadhani kwamba wao ni pambo tu la ibada. La, sivyo. Utumishi wao una historia ndefu, na ndani yake mna swali linalokuhusu wewe pia, hata ukiwa wa dini nyingine: ni nani anayestahili kusimama mbele kwa niaba ya wenzake?

Hapo kale kazi hiyo haikuwa ya watoto. Mwaka 251 Papa Kornelio aliandika barua akiwahesabu watumishi wa Kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, na akoliti 42. Akoliti walikuwa watu wa daraja maalumu. Mapokeo yasimulia pia habari za Tarsisi, aliyeuawa huko Roma kwa kukataa kuwatolea washambuliaji Ekaristi aliyokuwa akiichukua. Papa Damaso, aliyeongoza Kanisa tangu mwaka 366 hata 384, alimtungia shairi la kumkumbuka. Shairi hilo halitaji umri wake. Mapokeo ya baadaye ndiyo yaliyomfanya kuwa mtoto, naye akawa msimamizi wa vijana wa altare.

Karne zilipopita, mahali pa akoliti pakashikwa na wavulana wa kawaida wa parokia. Usidharau mzigo waliotwikwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliamuru kwamba padre asiadhimishe Misa pasipo mtumishi wa kumhudumia na kumjibu. Kwani mkono mmoja haulei mwana. Katika Misa isiyoimbwa, mara nyingi watu walikaa kimya, na mvulana mmoja aliyepiga magoti chini ya ngazi za altare akajibu kwa Kilatini kwa ajili yao wote. Jibu lake la kwanza lilitoka katika Zaburi, nalo lilitaja furaha ya ujana.

Desturi hiyo ilifika kwetu pamoja na wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin karibu na Nairobi mwaka 1899, na hapo, kama katika misheni nyingine, Misa ilisomwa kwa Kilatini. Basi wavulana wa nchi hii nao wakajifunza majibu kwa moyo, neno kwa neno, katika lugha isiyosemwa na mama wala baba.

Lakini sheria ile ile ya mwaka 1917 ilikuwa na upande wa pili. Ikiwa hapana mwanamume, nayo iko sababu ya haki, mwanamke aliruhusiwa kujibu, ila kwa mbali. Altare asiikaribie kamwe. Sauti yake ilikubaliwa, mikono yake ikakataliwa.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 hata 1965, Misa ilianza kusomwa katika lugha za watu, na waumini wakayajibu wenyewe maneno ambayo zamani mtoto aliwajibia. Mwaka 1994 Roma ilitangaza kwamba wasichana nao waweza kutumikia altareni, uamuzi ukiachwa kwa kila askofu katika jimbo lake. Na mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake hata huduma rasmi ya akoliti.

Je, mtumishi amebakiwa na nini, iwapo watu wote wanajibu? Amebakiwa na mikono yake. Huamka kabla ya wengine, huwasha mishumaa, humimina maji, hupiga kengele kwa wakati wake, kisha huondoka bila kushangiliwa. Zamani alisema maneno ya watu waliokaa kimya. Sasa hukaa kimya ili watu waseme. Wewe nawe, popote utakapopewa nafasi ya mbele, jiulize kama umesimama hapo ili uonekane, au ili wengine wapate kusikika.