Yudithi Jukwaani: Oratorio ya Vivaldi na Swali la Adui

Utangulizi

Kitabu cha Yudithi hakimo katika Biblia ambayo wengi wetu Walutheri huisoma ibadani. Hata hivyo, kimezaa picha, nyimbo na michezo mingi katika historia ya Kanisa. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza kazi moja tu, nayo ni oratorio iitwayo Juditha triumphans, iliyotungwa na padre Antonio Vivaldi huko Venezia mwaka 1716. Kazi hiyo ilisahauliwa kwa karne mbili, ikapatikana tena, na siku hizi huigizwa hata jukwaani. Swali letu ni hili: hadithi takatifu inapochukuliwa kutumikia vita, ni kitu gani hupotea ndani yake? Na je, wanaoiigiza leo waweza kukirudisha?

1. Wimbo wa vita

Mwaka 1715 Venezia ilinyang'anywa Morea, yaani kusini mwa Ugiriki, na majeshi ya Waosmani. Katika Julai na Agosti 1716 majeshi hayo yalikizingira kisiwa cha Corfu, lakini yalishindwa na kuondoka. Jemadari aliyeongoza ulinzi alikuwa Mjerumani, Johann Matthias von der Schulenburg. Oratorio hii ilitungwa katika shangwe ya mwaka huo. Maneno yake, yaliyo katika Kilatini, yaliandikwa na Giacomo Cassetti, na kwenye ukurasa wa kwanza kazi yenyewe inajiita oratorio takatifu ya kijeshi.

Waimbaji walikuwa wasichana wa Pietà, makao ya watoto waliotupwa na wazazi wao, ambako Vivaldi alianza kufundisha fidla mwaka 1703, mwaka ule ule alipopewa upadre. Wasichana hao waliimba nafasi zote, hata ya Holoferne, wakiwa juu roshanini nyuma ya kimia cha chuma. Kwa hiyo wasikilizaji wa kwanza hawakuona upanga wala damu. Yote waliyapokea kwa masikio.

Shairi lililoambatanishwa na maneno hayo lilifafanua fumbo lake: Yudithi ni Venezia, mjakazi Abra ni Imani, Bethulia ni Kanisa, Uzia ni Papa, na Holoferne ni Sultani. Mwishoni Uzia anatabiri kwamba Venezia, mji wa baharini, itahifadhiwa daima na neema ya Mungu. Historia haikuutii utabiri huo. Katika mkataba wa Passarowitz wa mwaka 1718 Morea ilibaki mikononi mwa Waosmani, na mwaka 1797 jamhuri ya Venezia iliangushwa, si na Sultani, bali na majeshi ya Napoleon yaliyotoka katika nchi ya Wakristo.

2. Kupotea na kupatikana

Vivaldi alifariki Vienna mwaka 1741, na kazi zake nyingi zikatoweka machoni pa watu. Mwaka 1926 watawa Wasalesiani wa Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia, walitaka kuuza vitabu vyao vya zamani. Profesa Alberto Gentili wa Torino alipovichunguza alikuta hati nyingi za mkono za Vivaldi. Mwaka 1927 Roberto Foà alitoa fedha za kuzinunua kwa ajili ya maktaba ya taifa ya Torino, kwa kumbukumbu ya mwanawe mdogo, Mauro, aliyekuwa amefariki. Miongoni mwa hati hizo ilikuwamo Juditha. Katika oratorio nne za Vivaldi zijulikanazo, ni hii peke yake iliyosalia na muziki wake.

Jambo moja lapasa kukumbukwa na kila mwalimu wa historia ya Kanisa. Gentili na Foà walikuwa Wayahudi. Mwaka 1938 serikali ya Kifashisti ilitunga sheria za ubaguzi, na Gentili akaondolewa kazini. Mwaka 1941 Juditha iliimbwa tena huko Siena. Hivyo Waitalia walimshangilia mama shujaa wa Kiyahudi wakati ambapo sheria zao ziliwatenga Wayahudi waliomtoa gizani.

3. Akiori asiyeonekana

Tukilinganisha oratorio na kitabu chenyewe, tunaona pengo kubwa. Waimbaji wakuu ni watano: Yudithi, Abra, Holoferne, Uzia, na towashi Vagaus, ambaye kitabuni huitwa Bagoa. Akiori Mwamoni hayumo. Naye ndiye, katika sura ya 5, anayemwambia Holoferne ukweli juu ya Mungu wa Israeli. Katika sura ya 6 anafungwa na kutupwa karibu na Bethulia, na Uzia anampokea nyumbani kwake. Katika sura ya 14 anaamini, anatahiriwa, na kuhesabiwa katika nyumba ya Israeli, ingawa Kumbukumbu la Torati 23:3 lilimfungia Mwamoni mlango wa kusanyiko.

Iwe sababu ilikuwa idadi ya waimbaji au shabaha ya vita, matokeo ni yale yale: mgeni mwema ameondoka, na upande wa pili wamebaki maadui watupu. Hapa ndipo tunapoona hatari ya mahubiri ya vita. Hayahitaji kuongeza uongo katika Maandiko. Yatosha kumwacha mtu mmoja.

Hata hivyo muziki wenyewe una huruma kuliko maneno yake. Vivaldi anampa Holoferne wimbo mpole wa mapenzi, ukisindikizwa na obo na kinanda. Kabla ya pigo la upanga, Yudithi anaomba, na nyuzi za sauti ya chini zinamzunguka kana kwamba naye anaogopa. Aimbaye hivyo si mtu afurahiaye kuua.

4. Luther na mchezo wa kuigiza

Je, ni halali kwetu kukiigiza kitabu kisicho cha kanuni? Luther, katika Biblia yake ya mwaka 1534, aliviweka vitabu vya Apokrifa kando, si sawa na Maandiko Matakatifu, lakini vyenye manufaa na vyema kusomwa. Katika dibaji ya Yudithi alitambua kwamba habari zake hazipatani na historia. Kwa mfano, Nebukadneza anaitwa mfalme wa Waashuri. Hakukitupa kwa sababu hiyo. Alikiona kuwa utungo mtakatifu, akadhani kwamba huenda Wayahudi walikiigiza, kama watu wa zama zake walivyoigiza mateso ya Kristo. Basi jukwaa si geni kwa kitabu hiki.

5. Jukwaani leo

Mwaka 2019 oratorio hii iliigizwa huko Amsterdam chini ya uongozaji wa Floris Visser, aliyeiweka katika mazingira ya uvamizi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa uamuzi huo Holoferne aliacha kuwa Mturuki. Twaona hilo ni jema, kwa kuwa lilimwondolea Mwislamu mzigo aliotwikwa mwaka 1716. Lakini kumbadilisha adui mavazi hakumalizi tatizo, maana Akiori bado hayupo.

Jambo hili latuhusu. Tunaishi mlango kwa mlango na jirani zetu Waislamu, na vijana wetu huandaa maigizo ya Biblia kila Krismasi na Pasaka. Mchungaji anayesimamia maigizo hayo hana budi kuuliza: adui amevikwa mavazi ya nani? Na mgeni anayesema kweli amepewa nafasi gani?

Hitimisho

Kwa maoni yetu oratorio hii istahili kusikilizwa na kufundishwa vyuoni, pamoja na historia yake yote. Anayeiimba na asome kwanza sura ya 14 mbele ya wasikilizaji, ili Akiori apate kuingia mjini. Bethulia aliyokombolewa na Mungu katika kitabu ni mji uliomfungulia mgeni lango kabla Yudithi hajatoka kumwendea adui, wala hatuna ruhusa ya kulifunga lango hilo kwa ajili ya kuupendezesha wimbo wa ushindi.