Barakoa Ina Jinsia: Mvua, Binti wa Sangre Chicana

Katika semina moja ya nadharia ya fasihi muhula huu, mwenzetu mmoja alisimama akatoa hoja iliyopigiwa makofi. Alisema kwamba barakoa hufuta jinsia: ukishafunika uso, hakuna mwanamume wala mwanamke, kilichobaki ni mhusika tu. Nami nilipiga makofi, si utani. Lakini nilipokuwa kwenye daladala kurudi nyumbani Jangwani hoja ile ilianza kunikereketa. Nikajiuliza: je, kuna mahali ambapo watu wamevaa barakoa kwa miaka mingi, mbele ya umma, kwa kazi ya kulipwa, ili tuweze kuipima kauli hii kwa historia badala ya kuipima kwa makofi? Mahali hapo papo. Ni ulingo wa mieleka wa Mexico. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba barakoa huficha uso lakini haifichi jinsia, kwa sababu barakoa haiendi bila jina, na jina lina mrithi wake.

Wapo watakaocheka. Mieleka na fasihi, wapi na wapi? Hebu tuelewane mapema. Sisi tuliokulia kati ya Jangwani na Kariakoo tuliijua mieleka kabla ya kuijua tamthilia. Tuliiona katika kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, watoto mbele, wakubwa nyuma, na mtu mmoja akipaza sauti kutufafanulia kinachoendelea. Rey Mysterio alipopanda kamba tulisimama sote. Hakuna aliyeuliza kama mshindi amepangwa. Roland Barthes, Mfaransa, aliliona jambo hilo zamani: kitabu chake cha Mythologies cha mwaka 1957 kinafunguliwa kwa insha juu ya mieleka, na hoja yake ni kwamba mieleka si mchezo wa kushindana bali ni tamasha, na mtazamaji hajali kama pigano ni la kweli, anachotaka ni kuona uovu, mateso na haki vikionyeshwa waziwazi. Basi kama ni tamasha lenye wahusika, migogoro na hadhira, ni matini, na sisi wanafasihi tuna haki ya kuisoma.

Mieleka ya kulipwa ya Mexico ilipata chombo chake kikuu mwaka 1933, Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni ya EMLL, ambayo leo inaitwa CMLL. Mwaka uliofuata, 1934, mpiganaji mmoja Mmarekani alitaka barakoa. Hakwenda kwa fundi cherehani wala kwa mchonga vinyago. Alikwenda kwa fundi viatu, Antonio Martínez. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Marehemu baba yangu alikuwa fundi viatu Kariakoo, na najua kwa nini fundi viatu. Ngozi inayobana kichwa cha mtu anayerushwa chini inataka mkono uliozoea kupima kitu chenye mviringo, kukata bila kupoteza, na kushona mshono usiochanika. Barakoa ya Mexico basi ilizaliwa kama kiatu cha uso. Ni bidhaa ya fundi, na bidhaa ya fundi ina mwenyewe.

Hapo ndipo historia inapoanza kujibu semina yetu. Katika mieleka ya Mexico barakoa si pambo. Wapiganaji wawili huweka barakoa zao dau. Anayeshindwa huvuliwa mbele ya watu, jina lake la kuzaliwa hutangazwa, na desturi ni kwamba haruhusiwi kuivaa tena. El Santo, maarufu kuliko wote, alianza kutumia jina hilo mwaka 1942. Mwaka 1952 alimvua Black Shadow. Yeye mwenyewe hakuvuliwa ulingoni hata siku moja. Aliufunua uso wake kidogo tu kwenye televisheni Januari 1984, akafariki Februari 5 mwaka huohuo, akazikwa na barakoa yake. Lakini barakoa ya fedha haikuzikwa naye. Tangu mwaka 1982 mwanawe wa kiume alikuwa tayari ulingoni kwa jina la El Hijo del Santo, Mwana wa Santo, na uso uleule wa fedha. Baadaye mwana huyo alipelekana mahakamani na mpwa wake, mjukuu wa Santo, juu ya nani ana haki ya kulitumia jina hilo. Watu hawapelekani mahakamani kwa ajili ya kitambaa. Wanapelekana kwa ajili ya mali.

Na wanawake? Walikuwapo. Mwaka 1955 bingwa wa kwanza wa taifa upande wa wanawake alikuwa mpiganaji aliyejiita La Dama Enmascarada, yaani Bibi Mwenye Barakoa. Tazameni jina lenyewe. Santo ni Mtakatifu. Wengine walikuwa Kivuli, Shetani, Dhoruba. Yeye ni bibi aliyevaa barakoa, basi. Mhusika wake ni jinsia yake. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 wanawake walipigwa marufuku kupigana katika jiji la Mexico, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1986. Kwa takriban miaka 30 walipigana mikoani, nje ya kumbi kubwa za mji mkuu. Kinaya ni kwamba sinema ziliendelea kuwaonyesha: filamu ya René Cardona ya mwaka 1964, Las luchadoras contra la momia, inahusu wanawake wanamieleka. Mwanamke aliruhusiwa kupigana katika hadithi mahali asiporuhusiwa kupigana kwa mshahara.

Katika kizazi hicho alitokea Irma González. Alikuwa na jina lake tayari, na alipigana uso wazi. Lakini mwanamume wake hakutaka aendelee na kazi hiyo, naye akarudi ulingoni amejifunika, kwa idhini ya Santo, akiitwa La Novia del Santo: Mchumba wa Santo. Ndugu msomaji, tulia hapo kidogo. Mwana wa Santo alirithi. Mchumba wa Santo aliazima. Wote wawili walivaa barakoa ya mtu yuleyule, na bado barakoa ilisema nani ni mwenye nyumba na nani ni mgeni. Binti yake Irma, Irma Aguilar, naye aliingia ulingoni na akapigana bega kwa bega na mama yake. Kwa hiyo ufundi ulirithiwa, tena vizuri. Ila lile jina la kuazima halikuwa la mama kulirithisha.

Sasa tumfikie binti ninayemwandikia makala haya. Sangre Chicana alikuwa mmoja wa wapiganaji wakubwa wa miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 1977 aliweka barakoa yake dau dhidi ya Fishman, akashindwa, akavuliwa. Aliendelea kupigana miaka mingi uso wazi, na sifa yake haikupungua. Watoto wake kadhaa walishika kazi hiyo. Mmoja wa kiume anaitwa Sangre Chicana Jr. Binti mmoja anaitwa La Hiedra, jina la mmea utambaao ukutani. Binti mwingine anaitwa Lluvia: Mvua.

Mvua alijijenga CMLL, kampuni ileile iliyotokana na ile ya mwaka 1933, akiwa amejifunika uso. Kwa muda mrefu amepigana pamoja na La Jarochita katika kundi la Las Chicas Indomables, Wasichana Wasiofugika. Ni mtoto wa mwanamieleka, aliyejijenga kwa barakoa, katika ukumbi ambao wanawake wa kizazi kilichomtangulia walifungiwa mlango. Mtu aliyeingia ukumbini bila kuambiwa asingejua huyu ni damu ya nani. Kaka yake akitangazwa, baba hutangazwa pamoja naye. Mvua akitangazwa, inanyesha tu.

Mwenzetu wa semina atasema hiyo ni lugha ya Kihispania, ambayo neno lake hijo ni la kiume. Ni kweli, na Kiswahili chetu hapa ni kikarimu zaidi. Mwana hana jinsia. Mwana wa Santo angeweza kuwa msichana. Tena tunalo neno binti, na mwimbaji wetu mkubwa wa Unguja aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 alijulikana, na anajulikana hadi leo, kwa jina la baba: Siti binti Saad. Lakini tusijisifu haraka. Katika mapiko ya Wamakonde kinyago kilikuwa cha wanaume, na wanawake walikatazwa kujua kwamba ndani yake mna mtu; wanawake wanao mchezo wao wa barakoa, lingundumbwe, wakisimama upande wao. Na baba yangu alipofariki, meza yake, kalibu zake na kile kibao kilichoandikwa "Fundi Juma na Wanawe" vilipewa kaka yangu, ambaye hajui hata kupitisha uzi kwenye sindano. Mimi nilishona soli tangu darasa la nne. Neno wanawe lilinihesabu. Kikao cha ukoo hakikunihesabu.

Hata hivyo sitaki kumaliza kwa kilio, maana historia ya Mvua ina upande wa pili, na nilichelewa kuuona. Jina la Sangre Chicana lina deni la mwaka 1977. Anayelirithi anarithi pia usiku ule wa kuvuliwa. Kila anapoingia, wazee ukumbini wanakumbuka. Barakoa ya Mvua haikuwa na historia ya kushindwa. Kilichokuwemo ndani yake ni kile tu alichokiweka yeye. Waliomnyima jina walimpunguzia na mzigo, bila kukusudia. Huu si usawa, tusidanganyane. Lakini ni kitu.

Kwa hiyo jibu langu kwa semina ni hili: barakoa haifuti jinsia. Inaiandika kwa herufi kubwa zaidi, katika jina, katika mirathi, katika mlango uliofungwa hadi mwaka 1986. Tunaposoma mhusika aliyefunikwa uso, tusiulize tu ni nani yumo ndani. Tuulize barakoa ni ya nani na itakwenda kwa nani. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Nimenunua sindano na kipande cha ngozi. Likizo ikifika nitakaa barazani kwetu Jangwani, na juu ya kibao changu sitaandika na wanawe wa mtu yeyote.