Wazee Wetu wa Kambini

Mwaka jana, siku chache kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tulimzika mzee mmoja wa parokia yetu hapa Likasi. Watoto wake walisema alikuwa na miaka 91. Mimi, kama mwalimu wa dini, niliongoza sala za kilio usiku wa kwanza. Watu walikuwa wengi, viti vilifika mpaka barabarani, na akina mama waliimba hata alfajiri.

Asubuhi, kabla ya kwenda makaburini, ilinipasa kusoma habari za maisha ya marehemu kama ilivyo desturi. Basi niliwaita watoto wake kando nikawauliza: Baba alizaliwa wapi? Mmoja akajibu, Panda. Wa pili akasema, hapana, ni kule Kabongo, alikuja mgongoni kwa mama yake. Babu yenu aliitwa nani? Walitazamana wakanyamaza. Mwishowe walinipa karatasi ya kustaafu ya Kompani. Ilikuwa na namba yake ya kazi, tarehe ya kuingia, idara yake, na tarehe ya kutoka. Nikasoma hiyo. Maisha ya miaka 91 yalikwisha kwa dakika mbili, na watu wakainuka kubeba jeneza.

Wasomaji wapenzi, kosa halikuwa la watoto wale tu. Mzee huyo alikuwa ameniambia mara tatu: «Mwalimu, siku moja uje na daftari, nina maneno ya kukuelezea.» Mara ya kwanza nilimwambia baada ya Pasaka. Mara ya pili nilikuwa na wakatekumeni wa kuwatayarisha. Mara ya tatu mvua ilikuwa nyingi. Nitasema baadaye kwa nini kweli nilichelewa, maana haikuwa mvua.

Yafaa kwanza tujue wazee hawa walifikaje hapa. Nchi hii ilikuwa ya Wasanga, nao walichimba na kuyeyusha shaba zamani sana kabla ya kuja kwa Wazungu. Kompani ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ikapita hapa kwetu ikafika Kambove mwaka 1913, na Bukama mwaka 1918. Penye reli pakaja mashimo, na penye mashimo walihitajika watu. Walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Lomami na Kasai, hata Ruanda na Urundi. Miaka ya kwanza walikufa wengi kwa kichomi na kuhara damu, tena na homa kubwa ya mwaka 1918. Makaburi yao hayaonekani tena. Msalaba wa mti haushindani na mchwa.

Karibu na mwaka 1928 Kompani ilibadili shauri. Badala ya kuwaita watu kwa miezi michache na kuwarudisha kwao, ilianza kuwapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu waje na wake zao. Ndipo kambi za Panda na Shituru zikawa na watoto. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929, na mwaka 1931 mji ukapewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, injinia Mbelgiji. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1966. Wazee wengine hawakuliacha hata kufa kwao; walisema «Jadotville» kama mtu anavyotaja jina la utoto wake.

Kambini kila kitu kilitoka kwa Kompani: nyumba, posho ya unga na samaki, dawa, shule. Shule zile zilikuwa mikononi mwa Wamisionari Wabenedikto, na Kompani ilisaidia kuzilipia. Tusione haya kusema kweli: mtoto alijifunza katekisimu na kumtii kapita katika chumba kimoja, na si kila mwalimu aliyetofautisha mambo hayo mawili. Lakini ni shule zilezile zilizowapa wazee wetu kusoma na kuandika. Ndiyo maana watu waliita Kompani baba na mama. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu juu ya jamaa hizo za wafanyakazi, kikatolewa mwaka 2001, na katika jina lake amewaita Bana Shaba, watoto walioachwa na baba yao. Miaka miwili mitatu baadaye, 2003 na 2004, Gécamines, iliyorithi kazi ya Union Minière, iliwaondoa watu zaidi ya elfu kumi kwa fedha ya mara moja. Walioondoka wakati ule ndio tunaowazika sasa, mmoja baada ya mwingine.

Mzee wetu alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa katika mwezi wa Desemba 1941. Wakati ule Ulaya ilikuwa vitani, shaba ilitakiwa sana, bei za vitu zilipanda, lakini mshahara wa mtu mweusi haukupanda nazo. Wafanyakazi wa Panda na Shituru waliacha kazi. Askari waliletwa, wakapiga risasi, na watu walikufa hapahapa kwetu. Siku chache baadaye, tarehe 9 Desemba, mambo yalikuwa makubwa zaidi Elisabethville: wafanyakazi walikusanyika katika kiwanja cha mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pale. Jina la Mpoyi limo katika vitabu. Waliokufa Likasi je? Nimewauliza vijana ishirini wa chama chetu. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba risasi zilipigwa Likasi. Mzee aliponitajia siku ile hakusema habari za mshahara wala za askari. Alisema mama yake alimsukuma chini ya kitanda, na maharagwe yaliungua motoni, na tangu siku ile harufu ya maharagwe yaliyoungua ilimtia hofu. Nilicheka kidogo, nikadhani ni neno la mtoto. Sasa naona lilikuwa ndilo neno lenyewe, na sikuliuliza zaidi.

Ulimwengu unaijua Likasi kwa mambo mawili. La kwanza ni urani ya Shinkolobwe, mahali pasipo mbali na mji wetu. Urani hiyo ilitumika katika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Jina la mkuu wa Kompani, Edgar Sengier, linatajwa katika kila kitabu cha mambo hayo. Walioshika mawe yale kwa mikono yao hawatajwi. Jambo la pili ni siku tano za Septemba 1961, vita vya Katanga, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozungukwa hapa mpaka wakajisalimisha. Mwaka 2016 ilitolewa sinema juu yao, nayo ilipigwa Afrika Kusini! Wairishi walifanya vema kuwakumbuka watu wao, siwalaumu. Ila katika siku zile tano Jadotville haikuwa tupu. Walikuwapo akina mama waliotafuta maji, na watoto waliozaliwa, na wazee waliokufa na kuzikwa haraka. Sinema yao ingekuwa ya saa ngapi?

Mtu asiseme kwamba kazi ya kuandika habari hizo ni ya maprofesa. Mwaka 1965, huko Lubumbashi, wazee waliokuwa zamani mabwayi katika nyumba za Wazungu waliamua kuandika habari zao wenyewe. Mwandishi wao aliitwa André Yav. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha Katanga, si cha Pwani, na kurasa zikapigwa kwa mashine: jinsi bankambo walivyofika, jinsi Wazungu walivyoishi, mshahara, adhabu na kazi ya kila siku. Kwa miaka mingi watu wachache tu waliziona, mpaka Johannes Fabian alipozichapa katika kitabu mwaka 1990. Leo wenye elimu wa nchi nyingi wanazisoma. Yav na wenzake hawakungoja ruhusa.

Tena wazee wa miaka ya 1970 watakumbuka picha zile za rangi zilizotundikwa sebuleni. Tuliziita ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia yote ya nchi kwa mtindo huo, hata mauaji ya wafanyakazi ya mwaka 1941. Mtu aliporudi kazini alikaa chini ya picha, mtoto akauliza, «Hii ni nini, Baba?» na masimulizi yakaanza. Siku hizi sebuleni kuna kalenda ya duka la simu.

Sasa nirudi kwenye jambo nililoahidi. Kwenye kilio tuna desturi moja ambayo kwangu ni nzuri na mbaya pamoja: tunamsifu marehemu tu. Alikuwa mpole, alipenda watu, hakugombana na jirani. Masikio yetu yamezoea. Lakini maisha ya wazee wetu yanapita pia katika mwaka 1992 na 1993, na hapo sifa zinakuwa nyepesi mno.

Wakati ule watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi. Wengi walizaliwa hapahapa. Baba zao ndio walioletwa na Kompani, kama nilivyoeleza. Walifukuzwa na vijana wa mitaa yetu, wengine wabatizwa kama sisi, huku wakubwa wa siasa wakiwachochea. Maelfu walilala kituoni na katika mashule, wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na mbele zaidi. Walingoja majuma, hata miezi. Watoto na wazee wengi walikufa pale kwa kuhara na njaa. Mimi sikuwa nimezaliwa bado. Nilipokua nilisikia tu kwamba nyumba fulani «ilikuwa ya Wakasai», basi, kama mtu asemavyo mvua ilinyesha.

Mara ya tatu mzee aliponiita, alitangulia kuniambia neno moja mlangoni. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Mkasai, mwenzake wa kazi kwa miaka zaidi ya ishirini, na mzee alikuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto wake. Usiku ule vijana walipofika, jirani aligonga mlango. Mzee alisema: «Nilizima taa, Mwalimu. Nilisikia akiniita kwa jina langu la ubatizo, nikazima taa. Hilo ndilo nataka uandike. Mengine watoto watayasema.»

Ndiyo maana sikurudi na daftari. Niliogopa kupewa neno hilo nilishike. Nilijua siku ya maziko ningesimama nalo kinywani mbele ya watoto wake na wajukuu. Basi nikachagua mvua na wakatekumeni, naye akafa na daftari langu likiwa jeupe. Jina lake silitaji hapa. Yeye hakuona haya kutaka liandikwe. Aliyeona haya ni mimi.

Baada ya siku arobaini nilikwenda kwa mjane wake. Yeye ana miaka zaidi ya themanini, macho hayaoni vema, lakini akili ni nzima. Nilichukua daftari. Nilimwambia, «Nkambo, nimechelewa kwa Baba, nisichelewe kwako.» Akacheka, akasema nikae kivulini. Alinipa jina la baba mkwe wake, lile ambalo watoto hawakulijua, na jina la kijiji, na kwamba alifika akiwa bado kijana, akatumwa kwanza Panda kusukuma vigari. Alinipa majina ya wanawake sita waliolima naye karanga nyuma ya kambi. Wanne wamekufa. Tuliandika mpaka jua likashuka.

Nikamwuliza juu ya mwaka 1992. Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita binti yake atoe sufuria kubwa iliyo jikoni, ile nzito ya chuma. Niliijua mara moja: ndiyo iliyopikiwa bukari siku za kilio, na sote tulikula humo. Alisema si yao. Asubuhi ya siku ile, mke wa jirani aliipitisha juu ya ua kabla ya kwenda kituoni, akasema, «Unitunzie, ni nzito kwa njia.» Hakusema neno la taa wala la mlango. Tangu hapo sufuria imepika kila kilio cha mtaa, kwa miaka thelathini na zaidi, na binti wa nyumba hakujua ilitoka wapi.

Nilimwomba jina la mwanamke yule. Alinitajia la ubatizo, kisha la kwao, akalirudia polepole mara mbili ili nisikosee herufi. Nililiandika katika ukurasa uleule, chini ya jina la mumewe.