Jordi: jina ambalo Franco hakulitaka

Mpenzi wa soka hawezi kuwa mgeni wa jina Jordi. Kuna Jordi Alba, kuna Jordi Cruyff. Ni jina la Wakatalonia, watu wa kaskazini mashariki mwa Hispania, na ndilo lilelile ambalo huku kwetu watu hubatizwa Joji. Chimbuko lake ni Kigiriki: georgos, yaani mkulima.

Lakini aliyelieneza alikuwa askari. Kwa mapokeo ya Kanisa, Mtakatifu Joji aliuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 303, enzi za Kaisari Diocletian. Wakatalonia wana kisa chao juu yake, nacho wanakiweka katika mji wa Montblanc. Joka lilimaliza mifugo, watu wakaanza kupigiana kura nani apelekwe kuliwa, hadi kura ikamwangukia binti mfalme. Jordi akatokea juu ya farasi, akalichoma joka mkuki, na pale damu ilipomwagika pakachipua waridi jekundu. Mwaka 1456 baraza la Katalonia liliitangaza Aprili 23 kuwa sikukuu yake. Siku hiyo mitaa ya Barcelona hufurika meza za vitabu na maua, na waridi huuzwa likiwa limefungwa pamoja na suke la ngano. Vitabu vilikuja baadaye, mwaka 1930, Siku ya Kitabu ilipohamishiwa tarehe hiyo.

Jina la namna hii lingewezaje kuwa kosa? Kwa utawala wa Jenerali Franco lilikuwa kosa. Amri ya mwaka 1938 ilitaka watoto waandikishwe kwa majina ya Kihispania, kwa hiyo Jordi wa nyumbani akawa Jorge kwenye cheti. Mama alimwita hivi, serikali ikamwita vile. Huo ulikuwa uonevu, tena wa kumfuata mtoto mchanga hadi kitandani.

Februari 1974 Johan Cruyff, Mholanzi aliyekuwa nyota wa Barcelona, alipata mtoto wa kiume. Uzazi ulikuwa unaangukia siku za mechi dhidi ya Real Madrid, ukaharakishwa kwa upasuaji. Mtoto akazaliwa Amsterdam tarehe 9, na tarehe 17 baba yake akaiongoza Barcelona kushinda 5-0 ugenini Madrid. Aliporudi kumwandikisha mtoto Barcelona, karani alikataa: aandikwe Jorge. Cruyff hakurudi nyuma. Mtoto alikwisha kuandikishwa Uholanzi kwa jina la Jordi, na karatasi zilikuwapo. Karani akasalimu amri.

Wakatalonia wa kawaida hawakuwa na karatasi za Uholanzi. Wao walisubiri hadi Franco alipofariki Novemba 1975, na sheria ya Januari 1977 ikaruhusu majina ya lugha zote za Hispania. Sheria hiyohiyo iliwapa haki waliokwisha kuandikwa Jorge kwenda kwa msajili na kuomba waandikwe Jordi.