Kioo, Taa na Uso wa Mtu

Kioo hakina nuru yake. Hurudisha ile iliyoangukia uso wa mtu, wala hakiongezi neno. Kwa hiyo, mtu aulizaye ni taa gani ifaayo kuwekwa penye kioo cha chumba cha kuogea huuliza, kwa hakika, ni uso gani atakaouona kila asubuhi. Swali hili ni dogo kwa umbo, lakini historia yake ni ndefu, na ndani yake mna fundisho: binadamu alitafuta kwanza wingi wa nuru, akachelewa kutafuta mahali pake na uaminifu wake.

Tuanze Ufaransa. Ukumbi wa Vioo katika jumba la Versailles ulikamilika mwaka 1684. Una vioo 357 vilivyopangwa katika matao 17, yakikabili madirisha 17. Kazi ya vioo vile ilikuwa kuzidisha nuru ya jua mchana na ya mishumaa usiku, kwa fahari ya mfalme. Haikuwa kumwonyesha mtu doa la shavuni. Vioo vya zama hizo vilipakwa bati na zebaki, na bei yake ilikuwa ya wakuu. Mwaka 1835 Justus von Liebig, mwanakemia wa Ujerumani, alivumbua njia ya kupaka kioo utando wa fedha, na kioo kikapata njia ya kuingia nyumba za watu wa kawaida.

Taa nazo zilikuwa zikikua. Mwaka 1780 Ami Argand, mzaliwa wa Geneva, alibuni taa ya mafuta yenye utambi wa duara uliopitisha hewa katikati. Gesi ikafuata, na mwaka 1817 iliangaza majukwaa ya London. Lakini kila mwali ulikuja na joto lake na hofu ya moto. Haukuweza kusogezwa karibu na shavu.

Ndipo ulipokuja umeme. Joseph Swan katika Uingereza na Thomas Edison katika Marekani walionyesha globu zao mwaka 1879. Miaka miwili baadaye ukumbi wa michezo wa Savoy ulifunguliwa London, ukiangazwa kwa globu za Swan zipatazo 1,200. Tarehe 28 Desemba 1881 mwenye ukumbi, Richard D'Oyly Carte, aliivika globu iwakayo kitambaa chepesi, akaivunja mbele ya watazamaji, kitambaa hakikuungua. Tangu hapo ilidhihirika kuwa nuru yaweza kukaa jirani na mwili. Desturi ya waigizaji ya kuzungushia kioo globu imesimama juu ya msingi huo.

Nyumbani, hata hivyo, taa ilibaki darini. Taa ya juu huangusha kivuli cha paji machoni na cha pua mdomoni, na mwenye kunyoa ndevu hupapasa kidevu chake gizani. Mwaka 1938 taa za mirija zilianza kuuzwa Marekani. Zilitoa nuru nyingi kwa umeme kidogo, lakini zilipungukiwa na wekundu. Chini yake ngozi, iwe nyeusi, ya maji ya kunde au nyeupe, ilionekana imepauka.

Mwaka 1965 Tume ya Kimataifa ya Mwanga ilikubali kipimo cha uaminifu wa rangi, ambacho kilele chake ni 100. Lakini kipimo hicho ni wastani wa rangi 8 zilizofifia. Wekundu uliokolea ni rangi ya 9, nao haumo katika hesabu. Hivyo taa za LED za leo zaweza kusifiwa kwa tarakimu na bado zikaificha damu ya uso. Jambo hili si la urembo tu. Mama atazamaye kama macho ya mtoto wake yameingia umanjano, au kama kope zake zimepungukiwa na damu, anaitegemea nuru iseme kweli.

Basi yampasa mchaguzi kuweka taa mbili za aina moja, kila upande wa kioo moja, kwa kimo cha macho, zenye kifuniko cha kuzuia mvuke na maji. Kipimo cha rangi kisipungue 90, na wekundu uulizwe peke yake. Nguvu ya taa ifikiriwe mwisho.