Kutoka Ulinzi hadi Mashambulizi: Kikosi cha Ndege cha 1841 cha Jeshi la Majini la Uingereza, 1944–1945

Historia ya vikosi vya ndege vilivyoruka kutoka melini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mara nyingi huandikwa kwa kumfuata shujaa mmoja. Kikosi cha 1841 hutajwa zaidi kwa ajili ya Luteni Robert Hampton Gray, Mkanada aliyetunukiwa Nishani ya Victoria, kuliko kwa kazi yake yenyewe. Insha hii inadai kwamba kifo cha Gray hakieleweki ipasavyo pasipo kueleza kwanza jinsi kikosi cha ndege za kulinda kilivyogeuka kuwa kikosi cha kushambulia.

Kikosi kiliundwa Machi 1944 huko Brunswick, Maine, nchini Marekani, ambako ndege zake aina ya Corsair zilitengenezwa. Pua ndefu ya ndege hiyo ilimzuia rubani kuona sitaha wakati wa kutua, na wanamaji wa Marekani walisita kuitumia melini. Waingereza waliikaribia meli kwa kupinda, hivyo rubani aliendelea kuiona sitaha karibu hadi mwisho. Aidha, ncha za mabawa zilipunguzwa kwa takriban sentimita 20 kila upande ili ndege ziingie katika ghala la meli lenye dari fupi.

Makao ya kikosi yalikuwa meli ya Formidable, ambayo mwaka 1942 ilikuwa miongoni mwa meli za Uingereza zilizotumia bandari ya Kilindini, Mombasa. Gray naye alijiunga na kikosi mwaka 1944 baada ya takriban miaka miwili ya utumishi katika Afrika, ikiwemo Nairobi. Agosti mwaka huo kikosi kilishiriki mashambulizi dhidi ya manowari ya Kijerumani Tirpitz huko Norwei. Kazi ya Corsair haikuwa tena kuzisindikiza ndege za mabomu tu, bali pia kuishambulia mizinga ya kutungulia ndege. Tirpitz haikuzama, kwani moshi uliifunika. Lakini marubani walijifunza kushuka chini kabisa mbele ya risasi.

Mwaka 1945 Formidable ilihamia Pasifiki. Tarehe 4 na 9 Mei iligongwa na ndege za kujitoa mhanga za Wajapani, na sitaha yake ya chuma iliiwezesha kuendelea na kazi. Hata hivyo, tarehe 18 Mei bunduki za Corsair zilifyatuka kwa bahati mbaya ndani ya ghala, zikaipiga ndege nyingine, na moto uliozuka ukaharibu karibu ndege 30. Hivyo hasara za kikosi cha melini hazikutokana na adui pekee.

Kufikia Julai, Japani ilikuwa ikizificha ndege zake kwa ajili ya kuilinda nchi dhidi ya uvamizi uliotarajiwa. Adui alipokosekana angani, ndege za kupigana zilifungwa mabomu na kutumwa dhidi ya viwanja vya ndege na meli. Mabadiliko hayo yaliwaweka marubani karibu zaidi na mizinga ya adui kuliko wakati wowote uliotangulia.

Tarehe 9 Agosti 1945, siku ileile Nagasaki ilipopigwa kwa bomu la atomiki, Gray aliziongoza ndege kuelekea uwanja wa Matsushima. Kwa kuwa uwanja huo ulikwisha kushambuliwa vikali, lengo lilibadilishwa kuwa meli zilizotia nanga katika Ghuba ya Onagawa. Ndege yake ilipigwa na kuwaka moto, hakugeuka. Bomu lake liliizamisha meli ya kusindikiza Amakusa, na yeye akaanguka baharini akiwa na umri wa miaka 27. Siku sita baadaye Japani ilitangaza kusalimu amri.

Ushujaa wake haubishaniwi. Swali linalobaki ni la kihistoria: je, shambulio hilo lilihitajika? Waliolipanga hawakujua vita vilikuwa vimebakiza siku ngapi, na kikosi kilikuwa kimekwisha kugeuzwa kuwa chombo cha kushambulia chochote kilichoonekana. Mwaka 1989 kumbukumbu ya Gray ilisimamishwa Onagawa, katika ardhi ya waliompoteza mabaharia wao siku hiyo. Kumbukumbu hiyo inamkumbusha mtafiti kwamba historia ya kikosi haikamiliki bila wafu wa pande zote mbili.